Somoe, usitie sumu kwenye maboga

Liwale, 9 Machi

Shoga yangu Somoe,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mvua inanyesha vizuri na mahindi yameshatoa mbelewele. Barua yako nimeisoma jana jioni na usingizi ukanipaa. Pole sana kwa ekari hiyo iliyoharibiwa na tembo. Naujua uchungu wa kuamka alfajiri ukakuta shamba limelala chini lote, nyayo pana kama ungo zimejaa maji. Mimi mwaka juzi waling'oa mihogo hata mbegu ya kupandia sikubaki nayo.

Lakini hilo unalotaka la kutia sumu kwenye maboga ili uwaue, nakusihi, liache. Sumu haichagui mlaji. Atakula tembo, atakula ngedere, mzoga utaliwa na tai na mbwa wenu, na wanao kila siku wanaokota vitu shambani. Tembo wenyewe wameshauawa vya kutosha. Mwaka 2009 kwenye hifadhi za Selous na Mikumi walihesabiwa karibu 39,000. Kufika 2013 majangili walikuwa wamebakisha kama 13,000. Hawa wanaopita kwetu ndio masalia, Somoe.

Nikueleze tulivyofanya kuwazuia tembo. Tulitwanga pilipili kichaa kavu, debe zima, pua zikawaka siku mbili. Tukachanganya na oili chafu ya mashine ya kusaga hadi ikawa nzito kama uji. Tukasimika miti kuzunguka shamba, tukafunga kamba ya katani, tukaning'iniza vitambaa vikuukuu tulivyochovya humo. Oili ndiyo inayozuia mvua isiioshe pilipili haraka, ila mvua kubwa ikipiga lazima upake tena, na hapo ndipo wengi wanapochoka. Usichoke. Usiku wakikaribia, choma kinyesi chao kikavu kilichochanganywa na pilipili, upande unakotoka upepo. Msimu uliopita walifika mpakani, nikawasikia wakipuliza pua gizani, wakageuka. Walivunja miti miwili tu ya uzio.

Jambo jingine linanitia hofu kuliko tembo. Umesema mdogo wako anaamia nguruwe peke yake, kwenye kibanda kilicho chini kabisa. Mtoe huko! Watafiti walihesabu watu 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, wengi wao huku kusini, Lindi ikiwemo, na zaidi wakati wa mavuno. Simba anamfuata nguruwe, nguruwe anafuata mahindi, na kati yao amelala mtu. Jengeni dungu refu lenye ukuta, waamie wawili watatu wenye moto, na mchimbe mtaro kuzunguka shamba ili nguruwe asiingie. Fyekeni pori la pembeni pia. Mitego ya waya msitege, inamaliza paa na swala ambao simba angewala hukohuko porini.

Hasara yako kairipoti serikali ya kijiji leo, kabla nyayo hazijafutika, bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, aje apime. Kifuta jasho, ile pesa ya pole ya serikali, hakitarudisha gunia zako, lakini ni haki yako, na usipoandikwa hupati kitu.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, nina nusu debe ya pilipili ya kuanzia. Wewe tafuta kamba na oili. Mama nisalimie sana.

Ni mimi shoga yako,
Hadija