Vitabu vya nyongeza vipigiwe hesabu kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wanaoendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons: msiruhusu kitabu cha nyongeza cha mchapishaji mwingine mezani kabla ya kukipigia hesabu, hata kikiwa na picha nzuri kiasi gani.

Tatizo kubwa ni bonasi zinazorundikana. Mhusika wa ngazi ya 5 mwenye bonasi ya +7, inayojumlishwa na kete, akishambulia adui mwenye kinga 15, yaani jumla ya kufikiwa ili kumpiga, anahitaji 8 au zaidi kwenye kete ya pande 20, yaani uwezekano wa asilimia 65. Mpe upanga wa +3, inakuwa 80. Ongeza kipaji cha +2 kutoka kitabu kingine, inafika 90, na zimwi lililotarajiwa kutisha kundi zima linaanguka mapema mno. Afadhali nyongeza inayoruhusu kurusha kete mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hiyo hairundikani, hata ikitoka sehemu tatu, kete zinabaki mbili.

Nanyi waandishi wa vitabu hivyo, tangu Januari 2023 kanuni za msingi za mchezo, zilizo kwenye hati iitwayo SRD 5.1, zinapatikana kwa leseni huria ya Creative Commons BY 4.0. Uzeni kazi zenu, mradi mtaje chanzo kama leseni inavyodai.

Mwendesha mchezo