Mafundi wa uani Kigoma tunaomba mashine ya kupimia ugumu wa chuma

Mhariri, pole na kazi. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniuma.

Mi ni fundi chuma, karakana yangu iko uani kwangu huku Mwanga, natengeneza patasi na tezo za mafundi mitumbwi wa Kibirizi na Katonga. Natumia springi za malori, zile zina kaboni kama asilimia 0.6 hivi ndo maana zinakaza, nondo ya kawaida hata uichovye mara mia ni bure. Sasa mwaka jana nilimtengenezea mzee mmoja tezo, nikaipasha mpaka nyekundu nikaizamisha kwenye maji, ikatoka ngumu tupa inateleza tu juu yake, nikafurahi nikampelekea. Siku ya pili kapiga kwenye fundo la mbao makali yakamegeka, kipande kikampita jirani kabisa na jicho. Wiki nzima usingizi sikuupata.

Kosa lilikuwa maji, na kosa kubwa zaidi sikuirudisha kwenye moto. Chuma cha springi kikipozwa ghafla kwenye maji kinapata nyufa hata usizoziona, kinataka mafuta, na mimi siku hizi natumia mawese yaliyopashwa kidogo nyuzi 50 au 60, kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko maana yanaweza kulipuka moto. Kuhusu joto msidanganywe na jua, rangi itazameni kivulini, na muwe na sumaku: ikifika nyuzi 770 hivi chuma hakishikwi tena na sumaku, hapo ongeza moto kidogo ndo uchovye. Halafu palepale usikae, kisugue king'ae, kiweke kwenye sufuria ya mchanga juu ya jiko la mkaa, kipate moto polepole mpaka rangi iwe kama nyasi kavu ikielekea kahawia, nyuzi 230 mpaka 250. Hapo kinapunguza ugumu kidogo ila hakimegeki ovyo.

Shida inayobaki ni kupima. Tupa inakwambia hiki kigumu hiki laini, basi, na hata hapo inaweza kukudanganya kwasababu ngozi ya juu ya chuma huwa inaungua kaboni inatoka, tupa inang'ata unadhani umeharibu kumbe ndani kiko sawa, lazima usage kwanza ile ngozi. Mashine ya Rockwell inakandamiza ncha ya almasi kwa uzito wa kilo 150 halafu inasoma imezama kiasi gani, inakupa namba. Tezo ikiwa kwenye 55 mpaka 58 hivi mimi namkabidhi mtu kwa amani, ila kwa tupa yangu hii 52 na 60 siwezi kuzitofautisha kwa uhakika.

Ndo naomba wenzetu wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) na VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi), sisi mafundi wa uani tupangiwe hata siku moja kwa wiki tulete kazi zetu zipimwe kwenye mashine kama hiyo, tulipie kwa kila kipande. Kama mashine ni ghali sana basi hata seti ya tupa za kupimia, zile zenye ugumu tofauti kuanzia namba 40 mpaka 65 za Rockwell, tuwe tunaazimana.

Yule mzee nilimtengenezea tezo nyingine na anaitumia mpaka leo, ila kila nikipita Kibirizi naiangalia makali. Siku ya kupima ikipangwa hiyo ndo ntaibeba ya kwanza.

Fundi chuma, Mwanga, Kigoma