Uhakiki wa michango na matumizi ya mafao ya kustaafu

Ndugu wanakikundi, salaam.

Kwa kuwa baadhi yetu tunakaribia miaka 55 ya kustaafu kwa hiari, naomba kila mmoja ahakiki michango yake PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma Tanzania) mapema, kwani pengo la miaka ya nyuma ni gumu kuliziba ukishakabidhi ofisi.

Kuhusu mafao ya mkupuo, ambayo wengi huyamalizia kwenye nyumba (na kwa ndugu wanaojitokeza ghafla), napendekeza sehemu yake inunue hatifungani za Serikali za muda mrefu (yaani unaikopesha Serikali kwa miaka kadhaa nayo inakulipa riba), zinazopatikana Benki Kuu kuanzia shilingi 1,000,000 na kulipa riba kila baada ya miezi 6, huku akiba ya dharura ikibaki Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja), ambako fedha hutolewa kwa urahisi.

Tutajadili Jumamosi, njooni na taarifa zenu za michango.