Barua ya wazi kwa mjomba: daraja la nyasi la Q'eswachaka

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Siku ile ya Idi nilipokuonyesha kwenye simu picha ya daraja la nyasi, ulicheka ukasema kwamba fundi anayejenga kitu cha mwaka mmoja amekula fedha za watu. Sikukujibu mbele ya wageni, kwa kuwa wewe umezeeka katika kazi ya barabara nami sijapata kukoroga zege hata siku moja.

Daraja lile linaitwa Q'eswachaka, nalo linavuka mto Apurímac katika wilaya ya Quehue, Cusco, nchini Peru, kwenye korongo lililo zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake haufiki mita 30. Wainka, watu wa dola ya kale ya milima ya Andes, ambao hawakuwa na farasi wala gari la magurudumu, waliunganisha milima yao kwa njia za waenda kwa miguu na za llama, mnyama wao wa mizigo, na penye mto mkali wakatundika kamba. Madaraja ya namna hiyo yalikuwa mengi, yakaachwa moja baada ya jingine. Hili limebaki kwa sababu jamii nne, yaani Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue, hulijenga upya kila Juni.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kazi, nikueleze kazi yenyewe. Nyasi ngumu iitwayo q'oya hupondwa kwa mawe na kulowekwa ili isikatike, kisha wanawake huisokota kwa viganja iwe kamba nyembamba (wanawake wa Pemba, kwa mazoea yao ya makumbi, wasingehitaji kufundishwa). Wanaume huzisuka kamba hizo mpaka zipatikane sita nene, nne za kukanyagia na mbili za kushikilia. Daraja kuukuu hukatwa likaangukia mtoni, kamba mpya zikavutwa na kukazwa kwenye misingi ya mawe. Ndipo mafundi hutoka kila ng'ambo, wameketi juu ya kamba miguu ikining'inia, wakifuma kuta za pembeni hadi wakutane katikati, maji yakinguruma chini yao. Siku chache tu, kazi imekwisha.

UNESCO iliutambua ujuzi huo mwaka 2013. Magari yana daraja lao la chuma papo hapo jirani, kwa hiyo shida ya kuvuka si sababu tena. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, kamba hazikubadilishwa. Machi 2021 daraja likaanguka, na Juni mwaka huohuo wenyewe wakalitundika jingine.

Sasa nami nikuulize, mjomba: lile daraja letu la zege la kijijini, ambalo reli zake zimeng'olewa na kalavati zake zimejaa mchanga, ni nani aliyeambiwa alitazame kila mwaka?

Ni mimi mpwao.