Barua kwa mnaouguza wazee wenye kiharusi: ichungeni damu isivuje ubongoni

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu wa Mkomani, Langoni na visiwa vya jirani, ninyi mnaokesha kando ya vitanda vya baba na mama zenu waliopigwa na kiharusi, nimekaa kuwaandikia juu ya jambo moja tu, nalo ni damu kuvuja ndani ya ubongo siku kadhaa baada ya kiharusi, wakati nyumba nzima imeshaanza kushukuru kwamba hatari imepita.

Kiharusi kinachotokea zaidi ni kile ambacho donge la damu huziba mshipa, na sehemu ya ubongo iliyoutegemea mshipa huo hufa. Kuta za mishipa midogo ya sehemu hiyo nazo hulegea, hata damu inaporudi kupita, donge likiwa limeyeyuka lenyewe au limeyeyushwa kwa dawa, hushindwa kuizuia nayo ikapenya nje. Mara nyingi huwa ni vitone visivyomletea mgonjwa dalili yoyote, vikaonekana katika picha ya kichwa tu. Mara nyingine huwa ni damu nyingi inayoubana ubongo, na hiyo huua.

Jambo linaloongeza hatari kuliko mengi ni ukubwa wa eneo lililokufa: aliyepooza upande mzima na kupoteza kauli si sawa na aliyelegea vidole. Huongezeka kwa umri mkubwa, kwa presha na sukari zilizo juu, na kwa moyo usiopiga kwa mpangilio, kwa sababu madonge yatokayo moyoni huziba mishipa mikubwa. Dawa za kuzuia damu isigande nazo zimo, na hapo ndipo mkono wetu sisi wa nyumbani unapoingia.

Ndugu yangu mkubwa, fundi wa majahazi, alirudi kutoka hospitali akiwa amesimamishiwa wafarini, dawa yake ya moyo ya kuzuia damu isigande, kwa wiki mbili, kwa kuwa eneo lililokufa lilikuwa kubwa. Karatasi ilisema hivyo kwa kalamu ya buluu, nami sikuisoma hadi mwisho. Chupa ya zamani ilikuwa ndani ya kasha lake, chini ya kanzu, na kila baada ya isha nikawa ninampa kidonge kwa mkono wangu, nikihofia donge jingine lisije likapanda kutoka moyoni. Usiku wa sita alilalamika kichwa, akatapika mara mbili, na kabla ya alfajiri hakuitika tena akiitwa jina. Picha ya pili ilionyesha damu pale pale palipokufa. Aliishi, lakini neno "maji", alilokuwa ameanza kulitamka kwa shida, halikurudi.

Hofu yangu ilikuwa na msingi, maana donge jingine huweza kupanda kweli, na ndiyo sababu dawa hiyo hurudishwa. Nilichokosea ni siku. Kiharusi kidogo huruhusu irudishwe mapema, kikubwa hutaka isubiri zaidi, na anayepima hatari hizo mbili ni daktari aliyeiona picha. Basi msianzishe wala msirudishe wafarini, aspirini, au dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki kabla ya kumuuliza. Presha nayo msiishushe kwa kumwongezea vidonge kwa kukisia, kwa sababu siku za mwanzo ubongo uliojeruhiwa huhitaji damu ya kutosha.

Iko pia dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, wagonjwa kama 6 kati ya 100 waliopewa dawa hiyo walivuja damu ubongoni kwa madhara, ilhali kwa wasiopewa hawakufika 1 kati ya 100. Hata hivyo, baada ya miezi mitatu waliopewa ndio waliopona vizuri kwa wingi zaidi. Kwa hiyo msiikatae kwa hofu. Ili kupunguza hatari, madaktari huishusha presha kwanza iwe chini ya 185 kwa 110, huuliza dawa anazotumia mgonjwa, na huzuia aspirini kwa saa 24 baadaye.

Watawauliza pia saa ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Aliyeamka alfajiri amepooza huhesabiwa tangu alipolala akiwa salama, si tangu alipoamka. Sisi wa kisiwani, tunaopaswa kuvuka hadi Mokowe kabla ya kuishika barabara, saa hizo hutuishia majini, basi iandikeni saa hiyo kabla hamjashuka gatini, na dawa zake zote, hata zilizokwisha, zitieni katika mfuko mmoja mwende nao.

Akisharudi nyumbani, kichwa kikimuuma ghafla, akitapika, akisinzia kupita kawaida, au upande ulioanza kupata nguvu ukilegea tena, msingoje kupambazuke. Mrudisheni hospitali usiku huo huo, mkaombe picha nyingine ya kichwa.

Mzee wenu,
Langoni, Lamu