Usimnuse Mumeo

Mama Neema, mwanangu,

Huku Marangu hatujambo, mvua imeanza vizuri. Kaka yako kaniambia Baba Neema anatoka soba, ile nyumba ya kuachia pombe, Jumamosi. Ningependa kulisikia kwako, si kwa kaka yako, lakini hayo tuyaache.

Kilichoninyima usingizi ni jambo jingine. Nasikia siku aliyopewa ruhusa kuwaona watoto, ulimnusa mdomo pale mlangoni, Neema akiangalia, kisha ukampekua mifuko. Usimnuse, mwanangu. Sisemi huna sababu. Umelipa ada za watoto kwa cherehani, kodi ya nyumba juu yako, na kila nikikutaja kwa watu natembea kichwa juu. Ila leo ukimnusa ukakuta hana harufu, kesho utamnusa tena. Pua haitakupa amani.

Mshauri wa pale parokiani ametufundisha kitu, nakuomba mkijaribu. Kila siku, saa ileile, mnakaa wawili. Yeye anasema kwa mdomo wake kwamba leo hatakunywa. Wewe unamshukuru, basi. Kama hospitali imempa dawa, anaimeza hapo mbele yako. Ya zamani hayaguswi wakati huo, hata kama yamekukaba koo. Yana siku yake kwa mshauri. Kwa hiyo hakuna haja ya kunusa, kwa sababu neno linatoka kwake mwenyewe.

Alitusimulia pia habari za Lois, mke wa Bill Wilson, yule Mmarekani aliyeanzisha na daktari mmoja vikundi vya walevi wanaoacha, mwaka 1935. Miaka yote ya ulevi alimvumilia. Mume alipoacha, akawa hakosi mikutano, na siku moja Lois akamrushia kiatu kwa hasira. Baadaye, mwaka 1951, akaanzisha na mwenzake vikundi vya jamaa za walevi. Nawe utasikia wivu na hasira hizo, mume akirudi na rafiki wapya na maneno mapya. Usione aibu. Tafuta wanawake wenzako mzungumze.

Miezi ya mwanzo usingizi wake utakuwa mbovu, atakasirika kwa kitu kidogo. Hiyo peke yake si dalili kwamba amekunywa. Usimnuse kwa hilo! Akija kurudia kweli, usimpigie bosi wake simu kusema ana malaria. Na kama amerudia kunywa kila siku, usimfungie ndani ili aache ghafla. Mwili uliozoea pombe hutetemeka, hata degedege humshika mtu, na wengine hufa. Mpeleke hospitali.

Lakini akikuinulia mkono, chukua watoto uje. Chumba chako kipo. Usisubiri kikao cha ukoo.

Baba yako aliacha mwaka 2017, serikali ilipopiga marufuku viroba, zile pombe za vipakiti, nawe ulishaolewa. Nilidhani pombe ikitoka, ndoa inarudi yenyewe. Tulikaa muda mrefu hatuna la kusemezana zaidi ya ng'ombe na kahawa, na funguo za stoo zilibaki shingoni mwangu. Hakuna aliyenituma kuzivaa.

Kuhusu kadi ya benki, msiharakishe. Aanze na matumizi ya sokoni, mkubaliane wenyewe, mama mkwe asiingizwe. Na harusi ya binamu yako mwezi ujao, msije. Mbege itakuwa nyingi, nami nitawaeleza wazee. Najua utanuna. Nuna, lakini msije.

Ijumaa napakia mkungu wa mchare na maharage kwenye basi. Umtume mtu mapema, mara iliyopita ndizi ziliivia stendi. Sweta ya Neema nimeimaliza, mikono imekuwa mirefu kidogo, atakua. Baba yako anauliza kama ile bati iliyovuja jikoni kwenu imezibwa. Anasema Baba Neema akiwa na nafasi aizibe yeye, asiitwe fundi.

Piga simu Jumapili baada ya misa. Umwambie mkwe wangu ningependa kumsalimia.

Mama yako