Rehema, kadi ikauke kwanza

Moshi, 18 Aprili

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Nimefurahi mno kusikia umepangiwa kituo Longido. Unasema umekabidhiwa watoto wa akina mama wenye VVU na DBS, yaani kukausha matone ya damu ya mtoto kwenye kadi ya karatasi ili apimwe VVU, inakutia hofu. Ngoja nikueleze lililonifunza mimi.

Kuchoma utazoea. Mama amshike mtoto wima, miguu ining'inie, unyayo uupashe joto kwa viganja vyako. Ukipaka spiriti iache ikauke, kisha choma pembeni mwa kisigino. Tone la kwanza lifute. La pili liache likue mpaka linataka kudondoka, ndipo uliguse na karatasi, lijaze duara kwa mara moja na kutokea upande wa pili. Maduara ni 5. Usiongeze tone juu ya tone, wala usikamue kisigino.

Kazi yenyewe iko kwenye kukausha. Masika ya mwaka juzi, mvua siku ya tatu haijakatika, bodaboda wa sampuli akafika mapema, anapiga honi getini. Kadi yangu ilikuwa na masaa mawili tu, madoa bado yanang'aa katikati. Niliyaona, Rehema, na nikafunga. Damu ikifungwa mbichi huota ukungu na vinasaba vya virusi huharibika. Maabara wakajibu: sampuli haifai.

Nikampigia mama, akateremka tena kutoka mlimani kwa miguu, mtoto mgongoni, kanga imelowa. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nesi, bado hatujui?" Mwezi mzima ulikuwa umepita. Na unajua mwenyewe: watoto wenye VVU wasipopata dawa, karibu nusu hufariki kabla ya kufikisha miaka 2. Swali lile ninalo mpaka leo kila ninapofungua pakiti ya kadi.

Kwa hiyo kadi ilaze kwenye kichanja chake, isigusane na nyingine, mbali na jua. Kwenu unyevu si tatizo, ila vumbi na nzi ndio adui, basi tafuta chumba kinachofungwa. Yasipungue masaa 4. Ikilala usiku kucha ni bora zaidi. Wekundu ukiisha kabisa, madoa yakawa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, ifunge kwenye mfuko wa zipu pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Hapo haidai barafu wala friji, itapanda basi kama barua. Kwa kituo kilicho mbali kama chako, hiyo ni neema kubwa.

Akina mama watakuuliza kwa nini usitumie kipimo cha haraka. Waambie kipimo kile hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na kingamwili za mama hukaa mwilini mwa mtoto hadi miezi 18, kwa hiyo kinaweza kumsoma mama ndani ya mtoto. PCR, kipimo ambacho maabara hufanya kwenye madoa yetu, inamtafuta kirusi mwenyewe, ndiyo maana wiki ya 6 tayari tunapata jibu.

Na mganga wa kituo chenu akigusia homa ya ini B na C, mwambie madoa haya haya yanaweza kutumika. Shirika la Afya Duniani liliyataja kwenye mwongozo wake wa 2017, kwa mahali ambapo kutoa damu ya mshipa ni shida. Ningependa sana tufike huko.

Bodaboda akipiga honi, mwache apige. Niandikie ukishafunga kadi ya kwanza.

Rafiki yako,
Ndeshi